Visigino vya Mpira Njia ya Mkange

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Kariakoo ananiuliza lile lile: eti ni kweli visigino vyangu ndivyo vilivyotuchelewesha? Na wamesikia kwa nani? Kwa watu waliopanda gari langu bila kualikwa, wakala wakashiba, wakashuka wakanisengenya. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, anayejua kusoma amsomee asiyejua, na baada ya hapo naomba niachwe.

Gerejini

Mwezi uliopita Mama alipata habari kutoka Mkange kwamba dada yake, Bi. Mwanamkuu, ninayemwita Mama mkubwa, hawezi, na safari hii haelekei kuinuka. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa. Mumewe Mama mkubwa alipofariki, Mama hakwenda matangani, kwa sababu ilikuwa masika na Wami umefurika. Mama mkubwa akasema mvua haikati udugu. Mama naye akajibu neno ambalo mdogo hamjibu mkubwa wake, na neno likafika Mkange kabla maji hayajapungua. Sasa Mama alitaka jambo moja tu duniani: amkute dada yake ana pumzi, washikane mikono, watakane radhi.

Gari nililopata lilikuwa la jeshi zamani, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo baada ya vita lilifanya kazi katika shamba moja la mkonge. Fundi wa huko aliliinua ili lipite vichakani. Aliongeza majani ya springi na kupachika vipande vya mti kati ya springi na ekseli, likawa refu kama ngamia. Hilo simlaumu. Ninalomlaumu ni vile vipira vinavyokaa chini ya fremu, ambavyo kazi yake ni kupokea ekseli inaporushwa juu na shimo, chuma kisigonge chuma. Vya asili vilikuwa vimeoza, akaving'oa, asiweke vingine. Kwa hiyo kila shimo lilikugonga uti wa mgongo mzima, na Mama mwaka jana aliteleza kisimani, kiuno chake hakijapona.

Ndipo nikatengeneza vyangu, na sisi gerejini tukaviita visigino. Nilichukua tairi kuukuu la lori, kisu kikali na maji ya sabuni, maana mpira mkavu haukubali kukatwa. Nikakata vipande vya mraba, nikavipanga vinene vinene, nikapitisha boliti katikati na bati zito nyuma, nikavifunga chini ya fremu, viwili mbele na viwili nyuma. Kwa kuwa gari lilikuwa limeinuliwa, nilivifanya virefu, shibiri nzima kila kimoja. Kisha nikampandisha Mama kiti cha mbele, nikaweka gunia la mchele nyuma, nikalala chini kupima. Kati ya kisigino na ekseli viliingia vidole vinne. Mleteni fundi yeyote aseme hiyo si nafasi ya kutosha.

Dar es Salaam mpaka Bagamoyo

Hatua hii hakuna anayeitaja, kwa sababu hakuna aliyekuwamo ila mimi na Mama. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Mama alikuwa amekaanga vitumbua, akanilisha njiani kama mtoto huku nimeshika usukani. Pale Mpiji kuna mtelemko wenye makorongo ambao magari mengine huupita yakilia. Sisi tulishuka, gari likazama kwenye springi zake, likagusa visigino, tup, likainuka tena. Mama hata kitumbua hakikumponyoka.

"Kiuno je, Mama?"

"Sijambo. Twende."

Nilijisikia fundi. Tulipita Mbegani jua bado changa, na laiti ningeendelea moja kwa moja bila kugeuza uso, leo ningekuwa nawasimulia mambo mengine.

Bagamoyo

Lakini utapitaje Bagamoyo bila kumwamkia mjomba? Mjomba Shomari, binamu yake Mama, ana nyumba nyuma ya soko. Nilikusudia kusimama muda wa kahawa moja. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama gari kutoka mbele mpaka nyuma, na nilipoyaona macho yake nikajua nimekwisha.

"Mnakwenda kumzuru Mwanamkuu," akasema. "Peke yenu?"

"Peke yetu, mjomba. Mama anataka kuwahi."

"Mgonjwa ni wa ukoo mzima, mwanangu. Watu wataniuliza gari limepita tupu, nami niwajibu nini?"

Tupu! Mama yangu yumo, gunia la mchele limo, yeye anaita tupu. Lakini mtoto wa mtu hamwambii mjomba wake hapana mbele ya watu, na Mama mwenyewe aliinamisha macho. Kumtembelea mgonjwa ni wajibu, na kumnyima mtu njia ya kutimiza wajibu ni jambo ambalo mtu husemwa nalo mpaka wajukuu. Wakaanza kuja. Alikuja mjomba mwenyewe na mkewe. Wakaja shangazi wawili ambao sijui ni shangazi kwa upande upi, na mzee mmoja mwenye miwani aliyesema atashukia njiani na hakushuka. Na kwa kuwa mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, zikaja nazi, akaja papa mkavu aliyefungwa kwa ukili, ukaja mkungu wa ndizi, likaja na sinia la shaba. Sinia la nini kwa mtu anayeumwa? Niliuliza, nikaambiwa ninyamaze.

Kisha wanawake wakasema hatuwezi kuondoka hawajatupikia. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, ambao siwezi kuusema vibaya, ulikuwa mtamu, ila ulitoka jikoni baada ya adhuhuri. Mama alikula matonge mawili tu, akanawa, akaenda kukaa garini juani akisubiri wenzake washibe.

Bagamoyo mpaka Wami

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo maneno yao yote yanapotoka. Nilivipima visigino gari likiwa na mtu mmoja na gunia. Likiwa na watu saba, gunia, nazi, papa na sinia, springi zilishuka vidole vyote vinne. Ekseli ikakaa juu ya visigino tangu mwanzo, kabla hata hatujakutana na shimo. Springi hazikuwa na pa kwenda. Tulikuwa kama tumepanda mkokoteni.

Na njia ya Wami, wanaoijua wanaijua. Mchanga, kisha mizizi, kisha udongo mweusi uliokaukia nyayo za nyati. Nyuma kule walikuwa wanarushwa kama mahindi kwenye ungo.

"Idi!" akapiga kelele mke wa mjomba. "Umeweka nini chini ya gari hili?"

"Mpira, mama."

"Mpira gani mgumu hivi? Umeweka mawe!"

"Ni mzigo, mama. Mzigo umezidi."

"Basi tushuke?" akauliza mjomba, kwa ile sauti ya mtu anayejua hutamjibu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini hawa mzigo ulikuwa wao wenyewe na bado waliuita usufi. Mzee wa miwani alianza kueleza kwamba zamani, kabla mambo haya ya mipira hayajaletwa, watu walikwenda Mkange kwa miguu na hakuna aliyeumia kiuno. Nikamwambia miguu anayo hadi leo. Mama akanikanya kwa kunigusa goti, nikaomba radhi. Niliendesha mwendo wa jongoo, kwa kuwa kila nilipoongeza mwendo walilia, na kwa mwendo huo tukafika kivukoni jua linazama. Wavushaji wa pantoni walikuwa wameshafunga kamba zao, wakasema mpaka asubuhi. Mama alisimama ukingoni akaitazama ng'ambo.

Kivukoni

Tulilala kwa watu pale kivukoni, nao wakatupa ugali na kambale bila kutuuliza sisi ni nani. Watu hao Mungu awazidishie, sina ugomvi nao.

Asubuhi pantoni ya kwanza ilileta watu wa ng'ambo, na katika hao alikuwamo Baba Sefu, shemeji yake Mama mkubwa, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mzima wa ndevu nyeupe na kanzu iliyopauka. Alipomwona Mama alisimama, akatupa fimbo, akashika mikono yake.

"Shemeji! Habari za Dar es Salaam?"

"Njema, shemeji. Habari za Mkange?"

"Salama."

"Nyumbani?"

"Salama tu, alhamdulillahi."

"Na dada yangu?"

"Anakusalimia. Anakusalimia sana."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu kama ninyi mlivyo na karatasi hii. Mama akauliza tena, "Anaendeleaje lakini?" naye akasema, "Yuko, amepumzika. Mtamkuta, inshallah." Kisha akaniuliza hali, nikampa shikamoo, akauliza habari za kazi, habari za watu wa gereji, habari za gari. Nikamuuliza, "Baba, safari ya wapi?" Akajibu alikuwa anakwenda Bagamoyo, lakini kwa kuwa ametukuta, haja yake imetimia, atarudi nasi. Nikadhani ana haja na mjomba Shomari. Akapanda, tukawa wanane.

Mvushaji mkuu alilizunguka gari letu lilipopanda pantoni, akainama, akatazama ekseli zilivyobana mpira.

"Fundi, gari lako halipumui," akasema.

"Watu wamelikalia," nikamjibu.

"Si ungevikata hivyo vitu?"

Nilikasirika. Mtu wa kuvuta kamba ananifundisha kazi! Lakini neno lake liliniingia, nalo ndilo lililoniponza.

Ng'ambo ya Wami

Kutoka mtoni hadi Mkange, kwa gari lile na njia ile, ni mwendo wa saa nne hivi ukienda polepole. Tulivuka saa mbili asubuhi. Saa nne nilikuwa bado nasikia mapigo, pu, pu, pu, na kila pigo nilikuwa nikimtazama Mama. Alikuwa ameshika dirisha kwa mikono miwili, midomo ameibana.

"Mama, kiuno kinauma?"

"Hakiumi. Twende."

Tukaenda mwendo mfupi, nikamwona amefumba macho.

"Mama, nisimame nirekebishe? Nivikate kidogo utaona raha."

"Idi, mimi sijambo. Twende tu, mwanangu."

Nani angeamini? Sisi tunajibu sijambo hata tukiwa tumevunjika mguu. Nyuma kule mke wa mjomba alikuwa analia kwa sauti, shangazi mmoja ametapika wali wa jana, na mjomba anasema kesho ukoo mzima utajua kwamba Idi si fundi bali ni muuaji. Basi nikasimama. Kulikuwa na kijiji kidogo, nyumba kama tano, kivuli cha mikorosho. Nikawashusha wote, nikatoa jeki.

Kukata kisigino si kukata ndizi. Unainua gari, unafungua boliti ambayo imeshikana kwa vumbi na matope, unatoa, unapaka sabuni, unakata kipande kwa kipande, unapima, unarudisha, kisha unakwenda cha pili. Vilikuwa vinne. Kisu kilikuwa kimeshapoteza makali, nikaazima cha wenye kijiji. Jua likapanda. Wenye kijiji, kwa uungwana wao, wakaleta mihogo iliyochemshwa na nazi, wakatandika mkeka. Mama akakaa pembeni, hakula. Mara mbili alikuja kunisimamia.

"Bado?"

"Bado kimoja, Mama."

Na Baba Sefu? Baba Sefu alikaa juu ya mkeka, akala mihogo, akanawa, akala tena. Aliniona nahangaika, akaniambia kwa upole, "Taratibu, mwanangu. Haraka haraka haina baraka." Nilimshukuru. Nasema kweli mbele ya Mungu, katika watu wote wa safari ile yeye peke yake nilimwona ana adabu, maana wengine wote walikuwa wananihimiza kwa matusi. Nikafanya kazi taratibu kama alivyoniambia. Cha mwisho nilikitengeneza vizuri zaidi kuliko vyote, nikakizungushia kingo ili kisikatikekatike. Walipokuwa wanasali adhuhuri, mimi nilikuwa nakaza boliti.

Kuingia Mkange

Njia iliyobaki gari lilikwenda kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia. Visigino viligusa pale tu palipostahili. Mke wa mjomba alisinzia. Mjomba mwenyewe alinigonga begani akasema, "Sasa ndiyo gari." Nami, mjinga mimi, nilijaa moyoni.

Tulikaribia Mkange karibu na alasiri. Mbele yetu njiani tuliona wanaume wengi wanatoka upande wa makaburini, kanzu zimechafuka udongo magotini, wawili wamebeba jembe na koleo, wanne wamebeba jeneza, tupu. Nilisimamisha, na Mama alifungua mlango mwenyewe, akashuka ule urefu wote bila kushikwa mkono, akatembea mpaka nyumbani kwa dada yake.

Niliyoyasikia hapo niliyasikia uani. Mama mkubwa alikata roho wakati wa adhuhuri. Kwa joto lile, na kwa kuwa hakuna aliyejua tuko wapi, hawakuona sababu ya kungoja. Mwanamke aliyemuuguza alimwambia Mama kwamba tangu juzi mgonjwa alikuwa akisikia chochote, upepo au kinu, anauliza kama ni motakaa. Mama akauliza, "Aliniachilia?" Yule mwanamke akawatazama wenzake. Mama hakuuliza mara ya pili.

Mimi nilimtafuta Baba Sefu. Nilimkuta chooni anatia udhu, nikamngoja mlangoni, na alipotoka nikasahau umri wake.

"Baba, asubuhi ulikuwa unakwenda Bagamoyo kufanya nini?"

"Kupeleka simu Dar es Salaam, kumwita mama yako. Shemeji alinituma. Alisema, mwambie mdogo wangu aje upesi."

"Upesi! Na wewe ukatuambia salama?"

Akanishangaa, na ninaapa hakuwa anajitetea, alikuwa ananishangaa kikweli. "Mwanangu, nimemkuta mama yako mtoni, anakuja. Tena anakuja kwa gari. Nimwambie aje mara ngapi? Na habari ya namna ile, mtu mzima, mwanamke, amesimama kwenye matope mbele ya wavushaji, humwambii. Unamfikisha nyumbani, unamkalisha, anakunywa maji, ndipo unamwambia. Wewe ulilelewa wapi?"

"Ungeniambia mimi! Ungenivuta pembeni!"

"Ningekwambia ungeendesha vibaya."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mjomba Shomari akaja kunishika, naye nikamwambia yake: kuhusu nazi, kuhusu papa, kuhusu sinia, kuhusu wali uliotoka adhuhuri. Mzee wa miwani nilimwambia pia. Nilimtaja hata fundi wa shamba la mkonge, ambaye hayupo wala hanijui. Watu walianza kutoka nje kutazama nani anayepiga kelele kwenye msiba. Nilikuwa na haki, na mpaka leo naona nina haki. Wangeniacha na Mama tu, gari na visigino vile vile, tungefika jana yake.

Ndipo Mama alipotoka kwenye chumba cha wanawake, amejitanda kaniki, akaja mpaka niliposimama. Nilidhani anakuja kunikanya. Nikamwambia, "Mama, uliwaona wewe mwenyewe. Uliwaona walivyotufanya."

"Niliwaona."

"Na huyu mzee akatuambia salama, nikamwamini."

"Ulimwamini," akasema Mama. "Na mimi nilikwambia hakiumi, twende. Nilikwambia mara ya kwanza, nikakwambia na mara ya pili, kabla hujasimama kule kwenye mikorosho. Mbona mimi hukuniamini?"